Tulimuuza Lulu mpakani kwa bei ya CD moja

Mvua ilitukusanya chini ya bati la mama mmoja muuza chai pale Manyovu, upande wa Kigoma, hatua chache kabla ya kuvuka kuingia Mugina. Tulikuwa kama watu kumi hivi: akina mama wa dagaa, vijana wa baiskeli, wanafunzi wawili waliokuwa wakirudi likizo, na mimi na marobota yangu mawili ya mabeseni ya plastiki. Kijana mmoja wa baiskeli akatoa simu yake na kuanza kutazama filamu, na kama ilivyo desturi ya mpakani, simu ya mmoja ikawa sinema ya wote. Vichwa vikasogea.

Mama wa dagaa aliyekaa karibu nami aliitambua sura ya msichana kwenye kioo hata kabla hajatamka neno.

"Mwanangu, huyu si Lulu? Yule aliyemuua Kanumba?"

"Ndiye, mama," kijana akajibu bila kuinua macho.

"Na bado yuko nje?"

"Alifungwa, mama. Akatoka."

"Alitoka kwa pesa huyo. Wenye sura nzuri hawafungwi."

Watu wakacheka, chai ikanywewa, mvua ikakatika, kila mmoja akashika njia yake. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza, na nitaieleza huko mbele. Lakini kwanza tuweke hesabu sawa, maana maneno ya chini ya bati la chai husafiri haraka kuliko mzigo wowote uliolipiwa ushuru.

Elizabeth Michael, ambaye sisi wote tunamwita Lulu, alizaliwa Aprili 1995. Steven Kanumba, mwigizaji aliyekuwa akipendwa kuliko wote katika filamu za Kiswahili, alifariki Aprili 7, 2012 nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28. Chumbani walikuwa wawili, ukazuka ugomvi, Kanumba akaanguka na hakuamka tena. Lulu akakamatwa na kufikishwa katika Mahakama ya Kisutu kwa shtaka la mauaji. Nchini Tanzania shtaka la mauaji halina dhamana, na adhabu yake ni kunyongwa. Binti akapelekwa mahabusu Segerea, akakaa huko miezi.

Baadaye shtaka hilo likabadilishwa likawa la kuua bila kukusudia, na mwishoni mwa Januari 2013 akapata dhamana. Kesi yenyewe ilikuja kusikilizwa Mahakama Kuu Oktoba 2017, miaka mitano na nusu baada ya kifo. Novemba 13, 2017 akatiwa hatiani na kuhukumiwa miaka miwili jela. Mei 2018 akatolewa gerezani ili amalizie adhabu yake kwa kutumikia jamii. Wanaosema alitoka kwa pesa wajue kwamba Tanzania inayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo inaruhusu mfungwa wa kifungo kisichozidi miaka mitatu kutumikia adhabu nje ya gereza. Haikutungwa kwa ajili ya Lulu. Ilipotungwa, Lulu alikuwa mtoto wa miaka saba.

Tena Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo inatenga mambo mawili ambayo sisi wa mtaani tunayachanganya. Kuua kwa kukusudia ni kosa moja, kuua bila kukusudia ni kosa jingine, lenye kifungu chake cha 195. Mahakama haikusema Lulu alikusudia kumuua mtu. Ilisema mtu alikufa katika tukio ambalo yeye anawajibika nalo, ikampa adhabu, naye akaitumikia. Mfanyabiashara yeyote anaelewa jambo hili. Ukishalipa ushuru ukapewa risiti, anayekusimamisha tena njiani kudai ushuru uleule hakutafutii haki. Anakutafutia kitu kingine.

Sasa nirudi kwenye ukimya wangu.

Mimi ni mmoja wa wale waliokulia upande wa pili. Nilikuwa kambini Mtabila, karibu na Kasulu, na niliporudi Burundi mwaka 2008 nilikuwa kijana mwenye Kiswahili kingi, Kirundi cha kuombea maji, na Kifaransa ambacho sikuwa nacho kabisa. Waliorudi wenzangu hawahitaji kuelezwa ilivyokuwa. Ofisini unaandikiwa karatasi usiyoisoma, darasani mdogo wako anarudishwa madarasa mawili nyuma, na mtaani ukifungua mdomo unaitwa Mswahili. Neno hilo kwetu halikuwa na maana ya mtu asemaye Kiswahili tu. Lilikuwa na maana ya mjanja, mwongo, mtu asiye na kwao. Hata katika Buyenzi, ambako Kiswahili ni cha tangu zamani, mrudi alijulikana kwa lafudhi ya Kigoma.

Katika hali hiyo filamu za Tanzania zilikuwa kwetu zaidi ya burudani. Filamu za Kihindi na za Kimarekani zilihitaji mtu wa kutafsiri, akipaza sauti juu ya sauti za waigizaji. Filamu ya Bongo haikuhitaji mkalimani. Unaketi, unasikia watu wanagombana kama majirani zako wa zamani, wanasalimiana kama ulivyofundishwa kusalimia, mama mkwe anasema maneno ambayo mama yako angeyasema. Nimewaona watu wazima, wanaume waliopita vitani, wakitokwa na machozi kwenye banda la video kwa sababu tu ya kusikia mtu akimwambia mwenzake "pole na safari".

Na ndani ya filamu hizo alikuwamo mtoto. Lulu tulimfahamu mapema kuliko tulivyomfahamu kwa jina. Alianza na kundi la Kaole Sanaa Group la Dar es Salaam, ambalo michezo yake ilikuwa ikirushwa na televisheni ya ITV, na alikuwa mdogo kiasi kwamba wenzake wengi walikuwa na umri wa kumzaa. Waliokuwa wakienda Kasulu mjini siku za gulio watakumbuka televisheni iliyofungwa juu ukutani, na watu wamesimama nje ya dirisha wakitazama bure. Tulimwona akikua kama unavyomwona mtoto wa jirani. Leo anatumwa dukani, kesho amevaa sare ya shule, kesho kutwa amekuwa msichana na watu wameanza kumwangalia kwa jicho jingine.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mtoto yule analala saa ngapi, anasoma lini, nani anapokea malipo yake, na nani anayekaa naye pale upigaji wa picha unapoendelea hadi usiku wa manane. Nani angeuliza? Tulikuwa tunatazama filamu.

Nilipoanza biashara sikuanza na mabeseni. Nilianza na CD. Wapo wasomaji wa gazeti hili ambao walikuwa kwenye biashara hiyo pamoja nami, na watanisamehe nikiisema hadharani, kwani kwa sasa imekufa yenyewe na hakuna wa kukamatwa. Ilikuwa hivi. Filamu ilitoka Dar es Salaam, kwa wasambazaji wa Kariakoo, na ilifika Kigoma baada ya siku chache kwa treni au kwa basi. Mimi nilinunua nakala moja halisi, yenye kava lake la rangi. Moja tu. Niliivusha mfukoni, nikashuka nayo kwa njia ya Mabanda na Nyanza-Lac hadi Bujumbura, na huko kulikuwa na jamaa mwenye mashine ya kuchomea CD saba kwa mpigo. CD tupu tulinunua kwa boksi. Kava lilipigwa fotokopi ya rangi. Kufikia kesho yake asubuhi ile moja ilikuwa imezaa 100, na kila moja niliiuza faranga 1,000. Filamu nyingi zilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ili mteja anunue mara mbili. Ujanja huo hatukuuanzisha sisi, tuliurithi kutoka huko huko Dar.

Nilikuwa na meza yangu ndogo katika soko kuu la Bujumbura. Sikujiona mwizi. Mwizi ni yule anayeingia nyumbani kwa mtu usiku. Mimi nilikuwa nimenunua CD kwa pesa yangu, nikaipanda gari kwa nauli yangu, nikaamka alfajiri. Ukiniuliza wakati huo kama nadaiwa na mtu, ningekujibu nadaiwa kodi ya meza basi.

Lakini tazama hesabu ilivyokuwa upande wa pili. Kwa kawaida ya biashara ya filamu za Bongo miaka ile, mtayarishaji aliiuza filamu yake kwa msambazaji mara moja, kwa jumla, haki zote zikaondoka. Mwigizaji naye alilipwa mara moja na mtayarishaji, kwa makubaliano yao, mara nyingi ya mdomo. Iuzwe nakala 1,000 au 100,000, kwake ilikuwa sawasawa. Msambazaji, ambaye ndiye angeweza kuuza nyingi zaidi na kulipa vizuri zaidi mara nyingine, alijua kwamba ndani ya wiki moja mitaa itajaa nakala za akina sisi. Kwa hiyo naye alinunua filamu kwa bei ya kujihami. Mtayarishaji akapunguza siku za kazi. Filamu iliyohitaji mwezi ikapigwa kwa siku chache. Na mtu wa kwanza kupunguziwa katika mlolongo huo wote ni yule asiye na sauti ya kubishana bei. Kama ni mtoto, ndiyo kabisa.

Sheria ilikuwepo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1999, na chombo chake, COSOTA. Mwaka 2013 serikali ikaanza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, ili nakala halali ijulikane. Stempu hizo zilisaidia kiasi chake huko Kariakoo. Kwetu hazikufika. Fotokopi ya rangi hutoa hata stempu.

Ndipo ikafika Aprili 2012.

Habari za kifo cha Kanumba zilivuka mpaka kabla jua halijapanda. Kwa kweli sijawahi kuona msiba wa msanii kama ule. Dar es Salaam umati ulifurika viwanja vya Leaders, viongozi wa nchi wakafika, watu wakazimia, na Aprili 10 akazikwa Kinondoni. Huku kwetu Bujumbura, siku ile waliorudi walikaa kimya vibarazani kama waliofiwa na ndugu. Mimi mwenyewe nililia. Na mchana wa siku ileile nilikwenda kwa jamaa wa mashine nikamwambia achome filamu zote za Kanumba alizonazo.

Ziliisha kwa siku mbili. Wateja wakaanza kuuliza kitu kingine: "Unayo ile ambayo yumo huyo msichana?" Nikaitafuta. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye sababu ya ukimya wangu pale Manyovu. Nilitengeneza kava jipya. Nilichukua filamu ambazo Lulu alipita ndani yake kwa dakika chache tu, mhusika mdogo asiye na jina kubwa, nikamweka yeye mbele, sura yake imejaa kava lote, na Kanumba pembeni yake kama kivuli. Sikuandika neno lolote la uongo. Sikuhitaji. Mteja alisoma mwenyewe alichotaka kusoma. Niliuza kuliko nilivyowahi kuuza, wakati mwenye sura ile yuko Segerea anasubiri kujua kama atashtakiwa kama mtu mzima au kama mtoto.

Maana hilo nalo lilikuwa na ubishi wake. Hati ya mashtaka ilimwandika kuwa na miaka 18. Yeye akasema ana 17, na mawakili wake wakaomba suala lake lichukuliwe kama la mtoto, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Ubishi ukapanda ngazi za mahakama miezi kadhaa. Magazeti yakawa na kazi. Vyeti vikatajwa, wazazi wakatajwa, kila mtu mtaani akawa mtaalamu wa kukadiria umri wa msichana kwa kumtazama kifua.

Mimi sikuwa mwanasheria, lakini tangu wakati ule nina swali ambalo silisikii likiulizwa. Kama umri wa msichana huyu ni jambo la kubishaniwa na mawakili, mbona kabla ya hapo hakuna aliyebishana? Mahakamani ilielezwa kwamba wawili hao walikuwa wapenzi. Aliyekufa alikuwa mtu mzima wa miaka 28, kaka mkubwa katika kazi, mtu ambaye neno lake lilitosha kumpa mwigizaji nafasi au kumnyima. Namheshimu marehemu na sitaki kumsimamisha mahakamani asikoweza kujibu. Ninachosema ni kwamba wote waliokuwa karibu, waongozaji, watayarishaji, waandishi wa habari za burudani, walimwona msichana yule kwenye sherehe za usiku, wakampiga picha, wakaandika vichwa vya habari vya kumcheka jinsi alivyovaa. Alipokuwa habari ya kuchekesha, alikuwa mtu mzima. Alipopata matatizo, ndipo umri wake ukatafutwa.

Tena tusijifanye kwamba ni tatizo la Dar es Salaam peke yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na ilibidi mwanaharakati Rebeca Gyumi aende mahakamani ndipo vifungu hivyo vikatamkwa mwaka 2016 kuwa vinapingana na katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliukubali mwaka 2019. Huku kwetu vijijini sote tunawajua mabinti walioacha shule wakiwa na umri huo, na hakuna aliyeandika kichwa cha habari.

Jumapili ya Januari 27, 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Wafanyabiashara wenzangu hawawezi kuisahau siku ile. Moshi ulionekana kutoka milimani. Wapo waliopoteza mitaji ya miaka ishirini kwa asubuhi moja. Meza yangu ilikwenda na maboksi yote, CD zikayeyuka zikawa kitu cheusi kama lami. Katika wiki hiyohiyo redio ikatangaza kwamba Lulu amepata dhamana. Nilikuwa nimekaa kwa shangazi yangu, sina hata faranga ya kununulia mkate, nikacheka peke yangu. Shangazi alidhani nimechanganyikiwa. Sikumweleza. Sisemi kwamba Mungu alinichomea soko kwa ajili ya kava la CD. Watu wengi waadilifu waliungua pale, na Mungu hana hesabu za namna hiyo. Nasema tu kwamba sikurudi tena kwenye CD, na sehemu ya sababu ilikuwa ile sura.

Yeye alirudi kazini. Mwaka 2013 alitoa filamu iliyoitwa Foolish Age, na watu wakajaa kuitazama, wengine kwa mapenzi, wengine kwa udadisi uleule niliokuwa nikiuuza. Alifanya jambo ambalo waigizaji wengi wa Bongo hawakulifikia: alianza kusimamia kazi zake mwenyewe. Filamu yake ya Mapenzi ya Mungu ilishinda tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki katika tuzo za AMVCA zilizofanyika Lagos, Nigeria, Machi 2016. Tuliorudi tuliifurahia tuzo ile kama yetu. Huyu hapa mtoto wa Kaole, Kiswahili chake kinapigiwa makofi Lagos, mbele ya Wanigeria ambao filamu zao ndizo zilizotufundisha biashara hii. Mwaka mmoja na miezi minane baadaye alikuwa gerezani.

Nimesoma maandishi mengi juu yake na karibu yote yanaishia kwenye chumba kile cha Sinza. Ni kama vile kabla ya Aprili 2012 hakuwepo, na baada yake hakufanya kitu. Mimi naona miaka iliyofuata kifo ndiyo yenye ajabu zaidi. Binti aliyetoka mahabusu akiwa hajafikisha miaka 18, kesi ya kuua inamning'inia kichwani kwa karibu miaka mitano, hajui ataitwa lini, na katika hali hiyo anaamka asubuhi kwenda kukariri maneno ya mhusika na kulia machozi ya hadithi mbele ya kamera. Mwenye kujua kazi aniambie ni wangapi wangeweza. Alitoka gerezani 2018, mwaka 2021 akafunga ndoa, akaendelea na maisha yake bila makelele. Wanaomtafuta Lulu wa vichwa vya habari hawampati, na nadhani hilo ndilo linalowaudhi.

Kuna watakaoniambia: wewe unamtetea kwa sababu dhamiri inakusuta. Ni kweli inanisuta. Lakini familia ya Kanumba nayo ina haki zake, na machungu ya mama aliyezika mwana hayapungui kwa hukumu ya miaka miwili, wala hayapungui kwa makala yangu. Hilo silibishi. Kuhuzunika kwa ajili ya Kanumba hakutulazimishi kumhukumu Lulu kila mvua inaponyesha. Mahakama ilikwisha kuifanya kazi hiyo.

Leo hakuna CD. Filamu iko kwenye simu, na mpaka wa Mugina na Manyovu hauwezi kuizuia wala kuitoza ushuru. Wapo wanaosema kwamba kwa njia hii mwigizaji sasa atapata chake, kwa kuwa YouTube inahesabu kila anayetazama. Inahesabu, ndiyo. Swali ni hesabu hiyo inaingia kwenye akaunti ya nani. Mwenye chaneli ndiye anayelipwa. Mtoto aliyeigiza hana chaneli.

Nayasema haya kwa sababu hayako mbali nami. Vichekesho vifupi vya simu vimekuwa kazi kubwa, Bujumbura, Kigali, Kigoma, kila mahali, na vinavyotazamwa zaidi ni vile vyenye msichana mdogo mwenye mdomo mkali. Mwezi uliopita jirani yangu, mama mjane ambaye tulirudi naye kutoka kambini, alinijia na karatasi. Binti yake wa miaka 15 alikuwa amepatikana na kikundi kimoja cha kurekodi, wanataka aende Kigoma wakati wa likizo. Msichana ana kipaji, siwezi kukataa. Anaweza kumwigiza mwenyekiti wa mtaa hadi mwenyekiti mwenyewe akacheka.

"Kaka, wewe unasoma," akaniambia. "Nisomee hapa kabla sijaweka dole gumba."

Karatasi ilikuwa ya ukurasa mmoja, Kiswahili safi. Ilisema mzazi anamkabidhi mtoto kwa kikundi kwa muda wa likizo na nyakati nyingine atakapohitajika. Ilisema nauli na chakula vitatolewa. Ilisema kazi zote zitakazorekodiwa ni mali ya kikundi, milele, kwa njia yoyote iliyopo na itakayokuja. Malipo hayakutajwa. Atalala wapi, hayakutajwa. Mtu mzima wa kwenda naye, hakutajwa. Nilimwuliza mama huyo kama amewahi kuwaona hao watu kwa macho. Akasema amewaona kwenye simu.

Tulikaa jioni nzima. Nilimwambia binti yake asinyimwe, kwa sababu kumnyima kutamfanya aende siku moja bila karatasi yoyote. Tukachukua kalamu tukaandika nyuma ya karatasi ileile. Mama au shangazi yake aende naye, kwa nauli ya kikundi. Kazi iishe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Shule ikifunguliwa awe amerudi, hata kama kipande hakijaisha. Kila siku ya kurekodi iwe na malipo yake kwa faranga au shilingi, yaandikwe, na kila kazi itakayoingiza pesa baadaye, mtoto awe na fungu lake linalowekwa kwa jina lake. Na kava, tangazo au picha yoyote yenye sura yake, mama aione kwanza. Hicho cha mwisho ni mimi niliyekisisitiza. Mama mtu aliniuliza kwa nini ninakishikilia sana. Nikamwambia nilikuwa kwenye biashara hiyo zamani.

Aliwapigia simu asubuhi yake akawasomea masharti yote, moja baada ya jingine. Wakasema watakaa kikao. Juma lililopita nilimkuta binti anafua nguo uani, akiimba, nikamwuliza kama wamejibu. Akasema bado, baba mdogo, lakini mama amesema wasipojibu hadi shule ifunguliwe, basi watakuwa wamejibu.